Gurudumu la tano: kuunda kiendeshi cha umeme cha kiti cha magurudumu, mfano baada ya mfano

Maswali yanayonifikia ni yale yale. Ninunue mota ya wati ngapi? Betri ya skuta itafaa? Nikichomelea moja kwa moja kwenye fremu ya kiti kuna ubaya? Nimeyajibu mara nyingi hadi nimeona afadhali niyaandike yote mahali pamoja, kwa mpangilio ambao ningependa mtu anielekeze mimi siku ile nilipoanza kwa kununua mota kabla hata sijapima kiti.

Kifaa chenyewe ni gurudumu moja lenye mota, uma, usukani na betri, linaloshikizwa mbele ya kiti cha kawaida cha kusukuma kwa mikono. Likishashika, magurudumu madogo ya mbele huinuka kutoka ardhini na kiti kinakuwa chombo cha magurudumu matatu. Mimi huliita gurudumu la tano. Zipo njia nyingine, kama kigurudumu kinachosukuma kutoka nyuma, au kuyatia mota magurudumu makubwa yenyewe. Nimechagua hii kwa sababu anayejifunza anaweza kukosea bila kuharibu kiti: ukilivua, kiti kinabaki kile kile cha jana.

Usipange kutengeneza kifaa kimoja kizuri. Panga kutengeneza vitano, vinne vya kwanza vikiwa vibaya kwa makusudi. Kila mfano uwe na swali moja tu la kujibu. Ukijaribu kujibu maswali matatu kwa mfano mmoja, ukiharibika hutajua ni lipi lililouharibu.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Cha kwanza ni mtumiaji mwenyewe, tangu siku ya kadibodi. Vipimo alivyokutumia kwa simu havitoshi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake: wewe unayetembea utaweka swichi mahali unapofika kwa kuinama, na yeye hawezi kuinama bila kuanguka.

Vingine:

- Kiti atakachotumia, si kinachofanana nacho. Soma uzito wa juu unaoruhusiwa na mtengenezaji, kisha kumbuka kwamba kifaa chako kinaongeza mzigo.
- Mota ya habu (iliyo ndani ya kitovu cha gurudumu lenyewe) ya volti 36, wati 250 hadi 350, kwenye rimu ya inchi 12 hadi 16, yenye sensa za Hall, yaani vihisi vidogo vinavyoonyesha mota imezunguka hadi wapi. Mota isiyo na sensa huanza mwendo kwa kushtuka, na mtu asiyeweza kujishikilia kwa misuli ya kiwiliwili atatupwa mbele au nyuma.
- Kontrola, yaani kisanduku kinachopima umeme wa betri uendao kwenye mota, inayolingana na mota hiyo, yenye waya za kukata umeme breki inaposhikwa, na inayokuruhusu kupunguza kasi ya juu.
- Betri ya lithiamu ya volti 36 iliyofungwa kiwandani pamoja na saketi yake ya ulinzi. Usiunganishe seli mwenyewe. Hilo ni somo jingine, na adhabu ya kulifeli ni moto.
- Fyuzi ya ampea 30, swichi kuu, kiongeza mwendo cha kidole gumba, breki ya diski, na mikono ya breki yenye swichi ndani.
- Fremu kuukuu ya baiskeli ya mtoto. Humo utapata shingo, beringi zake, uma na usukani, vyote vimeshalingana. Kata nyuma ya shingo, bakiza kipande cha bomba cha kuchomelea.
- Mabomba ya chuma, plaiwudi, kadibodi, bolti na nati zenye plastiki ya kuzuia kulegea.
- Mita ya umeme, kipima wati cha kuunganisha kati ya betri na kontrola, spana, keekee, na mizani ya kujipimia uzito.
- Mifuko ya mchanga yenye jumla ya uzito wa mtumiaji.
- Kofia ngumu. Na daftari.

Hesabu moja tu

Chukua mtu wa kilo 75, kiti cha kilo 14, kifaa cha kilo 12 au 13. Jumla ni takriban kilo 100. Njia ya mwinuko ya jengo la umma kwa kawaida hupanda sentimita 1 kwa kila sentimita 12 za urefu. Kupanda hapo kunahitaji nguvu ya nyutoni 80 hivi dhidi ya mwinuko, na kama 15 za msuguano wa tairi kwenye sakafu ngumu. Sema 95. Kwa kasi ya kilomita 6 kwa saa hiyo ni takriban wati 160 kwenye gurudumu, na kwa kuwa mota ya habu hupoteza nguvu nyingi inapokwenda polepole, betri itatoa 250 au zaidi.

Kwa hiyo mota ya wati 250 hadi 350 inatosha. Anayekwambia ununue ya wati 1000 hajafika kwenye tatizo lenyewe, ambalo tutakutana nalo kwenye hatua ya 3.

Mfano wa kwanza: kadibodi na plaiwudi

Swali: je, mtu huyu, kiti hiki na gurudumu hili vinaenea mahali pamoja?

1. Pima fremu ya kiti. Tafuta bomba mbili za mbele, kulia na kushoto, zilizo chini ya kiti na zisizo na kitu kinachosogea. Andika kipenyo, umbali kati yake na kimo kutoka ardhini. Kisha tazama kiti ni cha aina gani. Cha fremu isiyokunjwa ni rahisi. Cha kukunjwa, chenye vyuma viwili vilivyopishana chini, umbo ambalo Everest na Jennings walilisambaza Marekani tangu miaka ya 1930, hupindika ukikivuta upande mmoja, kwa hiyo vibano vyako viwili vya kushika kiti lazima viunganishwe na bomba la kukingama. Kama fremu ni ya nyuzi za kaboni, usiibane kabisa, itapasuka ndani bila kuonyesha nje.

2. Inua magurudumu madogo kwa vipande vya mbao hadi sentimita 2 au 3 juu ya sakafu, mtumiaji akiwa amekaa. Muulize anajisikiaje. Umbali kati ya magurudumu madogo na makubwa ukiwa sentimita 40, kuinua sentimita 3 kunalaza kiti nyuma kwa takriban nyuzi 4. Inaonekana ndogo kwenye karatasi. Kwa aliyezoea kukaa wima, ni kama kusukumwa kifuani. Usizidishe kimo hicho, na vigurudumu vya kuzuia kuanguka nyuma vibaki mahali pake siku zote.

Sasa kata duara la kadibodi la ukubwa wa tairi lako, lisimamishe mahali gurudumu litakapokuwa, na ligeuze kushoto na kulia hadi mwisho. Angalia vidole vya miguu. Hapa ndipo wengi hukosea: gurudumu linapita vizuri likinyooka, kisha kwenye kona tairi linasugua kiatu. Mtu asiye na hisia miguuni hatajua hadi aone damu nyumbani. Acha nafasi ya vidole vitatu kati ya kiatu na kitu chochote kinachozunguka, na mota yenyewe isikae mahali inapoweza kugusa ngozi, kwa sababu baada ya mlima mrefu inakuwa ya moto.

3. Weka mizani ya kujipimia uzito chini ya gurudumu la kadibodi (tia kigogo ndani kibebe mzigo), na mbao za kimo kile kile chini ya magurudumu makubwa ili mizani isikuongezee mwinuko. Soma uzito. Namba hiyo ni muhimu kuliko wati za mota, nami nitakaa hapa kidogo.

Tuseme mizani inasema kilo 25, robo ya uzito wote. Kwenye lami kavu tairi linaweza kuvuta takriban asilimia 60 ya uzito unaolikalia kabla ya kuteleza, kwenye changarawe huru au nyasi mbichi ni kama 30. Ukiwa tambarare hakuna shida. Lakini ukipanda ule mwinuko wa moja kwa kumi na mbili, uzito unarudi nyuma: kama kitovu cha uzito kiko sentimita 60 juu, na umbali kutoka ekseli ya nyuma hadi gurudumu lako ni sentimita 80, kilo 6 hivi zinahama. Zinabaki 19. Kwenye lami hizo zinakupa nyutoni 110, unahitaji 95, unapita kwa kubahatisha. Kwenye changarawe zinakupa 55. Gurudumu litazunguka pale pale likirusha mawe, na mota ya wati 1000 itarusha mawe mengi zaidi.

Dawa ni kuongeza uzito mbele na kusogeza vitu. Weka betri juu ya gurudumu, si chini ya kiti. Sogeza gurudumu karibu na miguu kadiri vidole vinavyoruhusu. Mfundishe mtumiaji kuegemea mbele wakati wa kupanda, kama anaweza. Kama hawezi, mwambie mapema kwamba milima ya changarawe haitawezekana. Kama mizani inasoma chini ya kilo 20, rudi kwenye kadibodi.

Mfano wa pili: umeme mezani

Swali: je, umeme unatii, na unakufa salama?

4. Funga gurudumu kwenye kibano cha meza, tairi likiwa hewani. Mota ina waya tatu nene za umeme mkubwa na tano nyembamba za sensa. Unganisha kontrola, kisha kiongeza mwendo, kisha swichi za breki. Betri iwe ya mwisho kabisa. Fyuzi ikae kwenye waya chanya, karibu na betri kadiri iwezekanavyo. Fyuzi iliyo mwisho wa waya inalinda kontrola tu, na waya wote uliobaki unaweza kuwaka. Kwa mkondo wa ampea 20 tumia waya wa milimita za mraba 2.5 hadi 4.

5. Zungusha polepole. Mota ikinguruma bila kuzunguka, au ikishtuka-shtuka, rangi za waya nene hazilingani na za sensa. Usizibadilishe zote kwa hasira. Acha za sensa zilivyo, badilisha nene mbili kwa wakati, andika kila mpangilio daftarini. Mipangilio iko sita. Unaotafuta ni ule ambao gurudumu linazunguka mbele kwa utulivu na kipima wati kinaonyesha mkondo mdogo likiwa halina mzigo.

6. Jaribio la kung'oa waya. Usiruke hili hata kama utaruka mengine yote. Kiongeza mwendo cha kawaida kina waya tatu: volti 5, hasi, na wa mawasiliano, unaotoa takriban volti 0.8 kikiwa kimeachiwa hadi 3.6 au zaidi kikishikwa chote. Gurudumu likiwa hewani na likizunguka taratibu, ng'oa waya mmoja, uone kinachotokea. Rudisha, ng'oa wa pili, kisha wa tatu. Mara zote gurudumu linapaswa kusimama.

Mfano wangu wa awali haukusimama. Waya hasi ulipokatika, volti ya mawasiliano ilipanda juu na kontrola ikaelewa kwamba naomba kasi yote. Bahati yangu ilikuwa mezani. Kontrola nzuri hutambua volti iliyozidi kiwango na kukata umeme. Yako isipofanya hivyo, ibadilishe, usitafute ujanja.

7. Shika mkono wa breki huku kiongeza mwendo kikiwa kimeshikwa. Mota ikate mara moja. Zima swichi kuu, ikate. Washa swichi huku kiongeza mwendo kimeshikwa tayari: kontrola salama hukataa kuanza.

8. Punguza kasi ya juu iwe kilomita 6 kwa saa na uiache hapo hadi mfano wa nne. Gurudumu likiwa hewani litasoma zaidi kidogo kuliko likiwa na mzigo.

Mfano wa tatu: chuma kibaya

Swali: je, kinavuta, kinageuka na kinasimama?

Kiitwe kibaya kwa sababu ni kibaya. Usipake rangi. Funga kwa bolti kila mahali unapoweza ili ubadilishe vipimo, chomelea shingo tu.

9. Shingo na uma. Chora mstari unaopita katikati ya shingo hadi ardhini. Mahali tairi linapogusa ardhi pawe nyuma ya mstari huo kwa sentimita chache. Pakiwa mbele, usukani utataka kujigeuza wenyewe na mikono itachoka kabla ya dakika kumi.

10. Ekseli ya mota. Mota ya habu husukuma ekseli yake kinyume na gurudumu kila unapoongeza mwendo. Nati peke yake haiishiki. Tengeneza bati nene la chuma lenye tundu linalobana pande bapa za ekseli, kisha lifunge kwenye uma kwa bolti. Bila hilo ekseli itazunguka, itakata waya zake, na uma unaweza kuachia gurudumu. Uma wa aluminiamu unahitaji bati kama hilo pande zote mbili.

11. Vibano vya kushika kiti. Hii ndiyo kazi ngumu ya mradi mzima. Bomba za viti vyepesi ni nyembamba. Kibano cha chuma kilichokazwa sana kinazibonyeza kama kopo. Weka mpira mgumu au plastiki ndani ya kibano, na kiguse bomba kwa urefu wa angalau sentimita 4. Halafu kila kibano kiwe na kinga ya pili: pini inayopita ambayo inazuia kufunguka hata kama mkono wa kibano umelegea. Kibano kimoja kikiachia ukiwa kwenye mwendo, kiti kinageuka upande mara moja.

12. Breki. Diski moja kwenye gurudumu la mbele, na mkono wa breki wenye kufuli ili kifaa kisimame kwenye mteremko bila kushikwa. Mota isiyo na gia ndani inaweza pia kupunguza mwendo kwa kurudisha umeme kwenye betri, na watu huipenda. Usiihesabu kama breki. Betri ikiwa imejaa, yaani volti 42 kwa betri ya volti 36, haina pa kuweka umeme huo na saketi ya ulinzi inaweza kukata ghafla. Mtu anayeishi juu ya mlima huanza kila siku akiwa na betri iliyojaa, kwenye mteremko.

13. Mchanga kwanza. Funga mifuko kitini, mtu mmoja atembee kando akishika usukani, mwingine nyuma akishika mishikio ya kusukumia. Nenda mita 20, simama, kagua bolti zote. Rudia kwenye mwinuko, kwenye mteremko, na kwenye kizingiti cha sentimita 3. Angalia bomba za kiti mahali vibano viliposhika. Ukiona mkwaruzo mpya au mbonyeo, simama hapo.

14. Kisha mtu. Kwanza wewe, halafu mtumiaji, mwenye kofia ngumu na mkanda wa kiunoni, mahali tambarare pasipo na magari, msaidizi akitembea kando.

Onyo kuhusu kona. Chombo cha magurudumu matatu chenye gurudumu moja mbele huanguka kwa pembe ya mbele, si ubavuni moja kwa moja. Kwa kiti chenye upana wa sentimita 60 kati ya tairi, kitovu cha uzito kikiwa sentimita 60 juu na robo ya uzito ikiwa mbele, kona ya nusu kipenyo cha mita 3 inaweza kukuangusha kwenye kilomita 12 kwa saa. Kona ya mita 2, chini kidogo ya 10. Na hizo ni hesabu za mchanga usiotikisika. Mtu hutikisika, kwa hiyo huanguka mapema zaidi. Anayekwambia kifaa chake kinakwenda 25 muulize anapindaje.

Mfano huu ukifanya kazi, watu watakusifia, na utataka kuutoa uende nyumbani na mtumiaji jioni hiyo hiyo. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mfano ubaki karakana.

Mfano wa nne: mtumiaji peke yake

Swali: je, anaweza kulifunga na kulivua bila mtu mwingine?

15. Kaa pembeni, funga mdomo, mtazame akijaribu. Pima kwa saa. Andika kila mahali anaposita, kila anapokuita. Kifaa kinachohitaji msaidizi kukifunga kimemwongezea kitu kimoja tu: haja ya msaidizi.

16. Shida kubwa huwa ni kuinua magurudumu madogo. Akiwa amekaa hawezi kuunyanyua uzito wake mwenyewe. Njia iliyonifaa ni vibano vyenye kulabu vinavyoshika bomba kwanza, kisha mtumiaji anausukuma usukani mbele mpaka muundo wote unajifunga kwa kupita kituo chake cha juu, kama kufuli ya sanduku la zana. Urefu wa mkono huo ndio unaoamua nguvu anayohitaji. Anza mrefu, ukate.

17. Kifaa kiwe na mguu wa kusimamia ili kisimame chenyewe kinapomsubiri. Bila mguu kitaangukia sakafuni, na kuokota kilo 12 ukiwa kitini ni mtihani.

18. Mikono. Kama anashika kwa nguvu kidogo, weka kiongeza mwendo kinachosukumwa kwa kiganja na unganisha breki zote kwenye mkono mmoja ulio upande wake wenye nguvu. Usichague wewe ni upande gani.

Kasi ipande hapa tu, kilomita moja moja, na kwa ombi la mtumiaji.

Mfano wa tano: unaodumu

19. Sasa rangi, sasa waya ndani ya mabomba, sasa viunganishi visivyoingiza maji. Waya zote zikunjwe chini kidogo kabla ya kuingia kwenye kontrola ili tone la mvua lidondoke kwenye kona hiyo badala ya kuingia ndani.

20. Uchovu wa chuma. Viwango vya kimataifa vya viti vya magurudumu, mfululizo wa ISO 7176, sehemu ya 8, hukiendesha kiti juu ya mapipa yanayozunguka yenye vikwazo kwa mizunguko 200,000 kisha hukidondosha mara 6,666 kutoka kimo kidogo. Huna mashine hiyo. Lakini unaweza kukipitisha kikiwa na mchanga juu ya ubao wa sentimita 1 mara elfu kadhaa kwa wiki nzima, ukitazama viungio vilivyochomelewa kwa tochi kila jioni. Ufa huanza mwembamba kama unywele kando ya mchomeleo, na rangi nyeupe humwonyesha mtu mapema kuliko nyeusi.

21. Pima masafa. Volti 36 mara ampea-saa 10 ni wati-saa 360. Endesha kilomita 5 za njia yake ya kawaida, soma kipima wati, gawanya. Mwahidi asilimia 70 ya matokeo, kwa sababu betri huzeeka na upepo huvuma. Kama mtumiaji anasafiri kwa ndege, chagua betri kwa hilo tangu mwanzo: kanuni za IATA, chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege, kwa vifaa vya watu wenye ulemavu huruhusu betri ya kuvuliwa isiyozidi wati-saa 300, au mbili zisizozidi 160 kila moja, na shirika la ndege lazima likubali kabla. Betri ya 360 itabaki uwanjani.

22. Kuchaji kufanyike mahali mtu yupo macho, mbali na mlango wa kutokea.

Kinapogoma

*Hakiwaki kabisa.* Anza na swichi za mikono ya breki. Mara nyingi moja imekwama, na kontrola inadhani breki imeshikwa. Chomoa viunganishi vyake viwili ujaribu tena gurudumu likiwa hewani. Kisha fyuzi.

*Kinazimika mlimani, kikipumzika kinawaka.* Volti inashuka chini ya kiwango kwa sababu ya mzigo, karibu na 30, na betri au kontrola inajilinda. Pima volti ukiwa unapanda, si ukiwa umesimama. Betri imechoka, ni ndogo mno kwa mkondo huo, au kiunganishi kimoja kimelegea na kinapata joto. Kiguse.

*Gurudumu ni gumu kulisukuma hata umeme ukiwa umezimwa.* Chomoa waya tatu nene za mota. Likilainika, kontrola imeungua ndani. Likibaki gumu, waya za mota zimegusana, mara nyingi pale zinapotoka kwenye ekseli.

*Linashtuka linapoanza, kisha linakwenda sawa.* Sensa moja ya Hall imekufa au waya wake umekatika. Washa umeme, zungusha gurudumu kwa mkono polepole, pima kila waya wa sensa: kila mmoja unatakiwa kuruka kati ya 0 na karibu 5. Usioruka ndio huo.

*Usukani unatetemeka kwenye kasi.* Kaza beringi za shingo kwanza, halafu vibano. Kama bado, rudi hatua ya 9 upime mstari wako. Uma uliopinda kidogo kwenye shimo hutosha kuuharibu.

*Kiti kinavuta upande.* Kibano kimoja kiko juu kuliko kingine. Weka kiti sakafu tambarare, pima kimo cha magurudumu madogo mawili kutoka chini. Tofauti ya milimita 5 unaihisi mkononi.

*Gurudumu linateleza.* Mizani. Hatua ya 3.

*Hakuna kibovu, lakini mtumiaji hakitumii.* Hili ndilo nimelikuta mara nyingi kuliko mota iliyoungua. Mwulize lini alikitumia mwisho na alikwenda wapi. Mmoja aliniambia kinafanya kazi vizuri, ila akifika anakokwenda hana pa kukiacha, na mlango wa choo hauruhusu kuingia nacho. Mfano wa sita ulikuwa na kufuli ya mnyororo na mguu wa kusimamia uliohamia upande wa kushoto.